Kwa Niaba ya Waombaji Wote

Tangazo lilikuwa la ukurasa mmoja na nusu, na Nirmalya Bhaduri alilisoma mara nne kwenye simu kabla ya kumwita mkewe aje asikie. Taasisi moja kubwa ya utafiti kule Bengaluru ilitaka mtu mmoja, aliyekwisha kumaliza shahada ya uzamivu, wa kufanya utafiti katika fizikia ya nadharia ya maada iliyoshikamana. Mshahara rupia elfu sitini kwa mwezi, na chumba ndani ya uwanja wa taasisi. Masharti yalikuwa manne. Mwombaji awe ametunukiwa uzamivu, na cheti chake, walau cha muda, kiambatishwe kwenye fomu. Awe na makala tatu zilizochapishwa. Awe na barua za watu wawili wanaomjua kikazi. Na asiwe amezidi umri wa miaka thelathini na tano siku ya mwisho ya kupokea maombi, yaani tarehe sita Januari.

Kakoli alikuwa akishona blauzi ya bibi harusi wa mtaa wa pili. Alisimamisha cherehani.

"Rudia hapo kwenye umri," alisema.

Nirmalya alirudia. Yeye angetimiza miaka thelathini na tano tarehe kumi na mbili Januari. Kakoli alihesabu kwa vidole, akapata siku sita, akahesabu tena.

"Siku sita, Bubai. Wamekupimia kama dawa ya macho." Bubai lilikuwa jina la Nirmalya la nyumbani.

"Sita zinatosha," alisema Nirmalya.

Ilibidi zitoshe. Taasisi karibu zote za nchi ziliweka mpaka huo huo wa umri, na hili lilikuwa tangazo la mwisho kabla mpaka haujamfikia. Za ng'ambo alikwisha kuziandikia arobaini na moja; tatu zilimjibu, zote kwa kumtakia heri. Lakini hii ya Bengaluru ilikuwa habari nyingine. Profesa wa huko alikuwa amesoma makala yake juu ya namna chembe za umeme zinavyoacha kusukumana na kwenda pamoja ndani ya madini yaliyopozwa mno, akamwandikia mwenyewe: omba, kundi langu linakuhitaji. Nirmalya alimsomea Kakoli maneno hayo mara mbili.

Walikuwa na miaka saba katika ndoa, na walikubaliana tangu mwanzo kwamba mtoto atangoja kazi. Kakoli alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Mwaka huo alikuwa ameacha kwenda kwenye sherehe za watoto wanaolishwa wali kwa mara ya kwanza, kwa sababu wanawake humwangalia tumbo kabla ya kumwangalia uso. Hayo hakumwambia mumewe. Alisema tu kwamba kazi ya kushona imezidi.

Mtaani kwetu hapa Ranaghat hakuna aliyejua hasa Nirmalya anasomea nini. Kakoli mwenyewe alipobanwa alisema mumewe anachunguza vyuma ambavyo bado havijapatikana. Poltu Kundu, jirani yao, aliyesoma naye darasa moja na sasa anakata tiketi stesheni, alikuwa na utani wake wa kudumu: huu mwaka wa tisa Bubai anasomea umeme, na swichi ya feni ya sebuleni kwao imefungwa kwa uzi. Nirmalya alikuwa akicheka pamoja na wengine. Siku moja aliifungua swichi ile kwa bisibisi, akashindwa kuirudisha, ikabidi uzi urudi mahali pake.

Barua mbili zilipatikana, makala zilikuwepo. Kilichobaki ni cheti cha muda, na kwa hicho Nirmalya hakuwa na wasiwasi, maana alikuwa ameitetea tasnifu yake tarehe kumi na moja Desemba na kufaulu. Tasnifu hiyo ilikwisha kukaa miezi kumi na minne kwa mtahini wa nje, aliyeisahau ndani ya sanduku alipohama nyumba. Nirmalya aliona kwamba baada ya hayo hakuna tena la kumchelewesha.

*

Karani wa vyeti wa chuo kikuu alikuwa anaoza binti yake. Alichukua likizo ya wiki tatu, na ufunguo wa kabati la karatasi zenye nembo aliondoka nao.

Nirmalya alipanda treni mara tano kwenda huko. Mara ya kwanza aliambiwa arudi Jumatatu. Mara ya pili aliulizwa kama ameleta hati ya maktaba kwamba hana deni la vitabu. Akaenda maktaba, akapanga foleni, akaileta. Mara ya tatu karani aliyebaki, mtu mnene aliyekuwa akimenya karanga juu ya majalada ya watu, alimwona tangu mlangoni akaanza kucheka.

"Karibu, Daktari. Hebu nipime mapigo ya moyo, tangu asubuhi yananienda mbio."

Wengine ofisini walicheka. Nirmalya naye alicheka, kwa kuwa ufunguo ungerudi kwenye ofisi hiyo hiyo na asingependa wamkumbuke kwa ubaya. Aliuliza kama kuna ufunguo wa akiba. Karani akasema upo, umefungiwa ndani ya kabati.

Tarehe tatu Januari alirudi mikono mitupu. Fomu ilikuwa ya kujaza kwenye tovuti, na haikukubali kutumwa bila cheti kuambatishwa. Aliketi mezani na kompyuta, akaanza kuandika barua pepe ya mistari mitano kwa ofisa wa ajira wa taasisi: kwamba amefaulu, kwamba cheti kimechelewa kwa sababu isiyo yake, na anaomba aruhusiwe, yeye, kukileta wiki moja baadaye.

Baba yake alikuwa nyuma ya kiti, amevaa shali na kofia yake ya sufu inayoziba masikio.

Sasanka Bhaduri alikuwa na miaka sabini na minne. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya mtaa kwa miaka ishirini na sita, na hata baada ya kustaafu kila mtu alimwita Mwalimu. Kazi aliyobaki nayo ni kuandika barua za maombi. Bomba la maji la kona ile lilikuja kwa barua yake. Taa ya njia ya reli pia. Pensheni za wajane wasiopungua kumi na mmoja zilitoka kwenye kalamu yake. Mtaani kwetu mtu hapeleki barua serikalini bila kuipitisha kwa Mwalimu, na ndani ya nyumba yake jambo hilo halikufikiriwa kabisa.

"Mistari mitano?" aliuliza Mwalimu. "Unamwandikia ofisa mkubwa kama unamwagiza muuza mboga."

"Baba, siku hizi wanapenda fupi."

"Wanapenda fupi kwa sababu hakuna anayewaandikia vizuri. Inuka."

Nirmalya aliinuka. Mwalimu hakutumia kompyuta. Alichukua karatasi yenye mistari na kalamu ya wino, akaandika kwa saa mbili, kisha akanakili safi. Alikuwa na kanuni moja ambayo hakuivunja maishani: hajiombei peke yake. Aliposhughulikia bomba la maji, ambalo yeye ndiye aliyelihitaji kuliko wote kwa kuwa mkewe alikuwa mgonjwa, aliandika kwa jina la nyumba arobaini. Alisema mtu akijiombea peke yake, siku ya pili wanamwona ana njaa, siku ya tatu wanamfungia mlango.

Kwa hiyo barua ilieleza, kwa adabu nyingi, taabu ya wasomi vijana wote wa nchi ambao vyuo vyao huchelewesha vyeti. Ilitaja heshima ya taasisi. Katikati iliomba, kwa niaba ya waombaji wote walio katika hali hiyo, tarehe ya mwisho isogezwe mbele kwa siku ishirini na tano. Ilifungwa kwa maneno ya heshima, na chini iliwekwa anwani ya nyumba na namba ya simu ya Mwalimu.

Nirmalya aliichukua ili aipige picha kwa simu na kuituma. Aliona mwandiko wa baba yake, uliopinda kidogo kwa kutetemeka mkono kuliko zamani, na herufi bado zilikuwa zimesimama vizuri juu ya mstari. Alisoma mwanzo na mwisho. Katikati aliruka, na mwishoni aliona tu maneno ya heshima. Akatia sahihi, akaipiga picha, akaituma. Mtoto gani angekaa kumsahihisha Mwalimu?

*

Jibu lilikuja tarehe sita asubuhi, na lilimkuta Mwalimu. Nirmalya alikuwa amekwenda kufundisha hisabati kwa watoto wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ofisa wa ajira alipiga simu mwenyewe. Alisema hajapata kupokea barua kama ile tangu aanze kazi. Aliipeleka kwa mkurugenzi, mkurugenzi akaisoma mbele ya wakuu wa idara, na ombi lilikubaliwa lote. Tangazo la kusogeza tarehe lingewekwa kwenye tovuti, na barua yenyewe ingewekwa chini yake, ili watu waone sababu.

Mwalimu alivaa viatu akaenda mwenyewe kwa muuza vitamu. Ilikuwa Januari, msimu wa sukari guru ya mtende, na alinunua kilo mbili za sandesh, vipande vya maziwa na sukari hiyo vya rangi ya udongo, vikiwa bado na joto. Aliporudi alikwisha kuwakaribisha watu sita njiani. Poltu, ambaye zamu yake ilikuwa ya mchana, alikuja na taulo begani.

"Mwalimu amewashinda hadi watu wa Bengaluru," alisema Poltu na sandesh mdomoni. "Shemeji, funga mizigo. Huko hakuna baridi, hii shali ya Bubai niachie mimi."

Kakoli alicheka hadi akafuta macho kwa ncha ya sari. Alichoambiwa ni kwamba wamempa mumewe muda, na hakuuliza zaidi. Alikwenda jikoni kuchemsha maji ya chai ya watu wanane. Alikuwa na furaha kiasi kwamba alitia sukari mara mbili.

Nirmalya aliingia akakuta viatu vimejaa mlangoni. Baba yake alimshika mkono, akamtia sandesh mdomoni kwa vidole vyake mwenyewe, kama anavyofanyiwa mtoto siku ya matokeo.

"Wamekubali," alisema Mwalimu. "Yote. Neno kwa neno."

"Wamenipa wiki?"

"Wiki ya nini? Nimepata karibu mwezi. Tarehe ya mwisho sasa ni thelathini na moja Januari. Kwa wote."

Nirmalya aliacha kutafuna. Sandesh ilikuwa imejaa upande mmoja wa shavu, na haikwenda chini wala haikutoka. Kakoli alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na sinia la chai. Alimwona mumewe usoni, akaweka sinia chini polepole.

Poltu ndiye aliyesema. Alikuwa mtu wa sheria za serikali, alikwisha kufanya mitihani saba ya ajira kabla ya kupata kazi ya reli, na mambo hayo aliyajua kwa kichwa. Wala hakusema kwa ubaya.

"Na umri, Bubai? Umri si wanauhesabu siku ya mwisho ya maombi?"

 Poltu alianza kuhesabu siku kwa sauti ndogo, tangu kumi na mbili Januari hadi thelathini na moja, na alipofika siku ya kumi na tisa alibaki akiangalia kidole chake.

"Umri si ulikwisha hesabiwa kwa tarehe ya kwanza?" aliuliza Mwalimu. Aliwatazama mmoja mmoja. "Mtu hawezi kuzeeka kwa sababu ofisi imesogeza tarehe."

Wageni walikunywa chai iliyokuwa na sukari nyingi mno, wakaaga mmoja mmoja. Poltu alikuwa wa mwisho. Alichukua taulo lake, akatoka.

*

Kwenye tovuti, palipoandikwa tarehe ya kuzaliwa, Nirmalya alijaza kumi na mbili Januari na mwaka wake. Kompyuta ilihesabu yenyewe, ikaandika kwa rangi nyekundu: miaka thelathini na tano na siku kumi na tisa. Kitufe cha kuendelea kilikuwa cha kijivu, hakibonyezeki. Alijaribu siku hiyo, akajaribu kesho yake, na siku ya tatu Kakoli akamwomba aifunge.

Alipiga simu kwa ofisa wa ajira. Ofisa alikuwa na sauti ya upole, na alikumbuka jina mara moja.

"Bwana Bhaduri wa barua. Ile barua ilitugusa sana."

Nirmalya alieleza. Upande wa pili zikasikika karatasi. Ofisa alisema kanuni ni kanuni ya wizara: umri huhesabiwa siku ya mwisho ya kupokea maombi, na siku ya mwisho ni moja tu kwa kila mtu. Nirmalya aliuliza kama hawezi kuhesabiwa kwa tarehe ya zamani, maana siku hiyo alikuwa na sifa zote isipokuwa karatasi.

"Ungeniandikia mimi mistari miwili tu," alisema ofisa. "Kwamba cheti chako kinachelewa. Tungepokea barua ya msimamizi wako, cheti ungeleta siku ya usaili. Tunafanya hivyo kila mwaka kwa mmoja au wawili. Lakini wewe hukujiombea wewe."

"Siwezi sasa kujiombea mimi?"

"Sasa imeshakuwa amri ya mkurugenzi. Samahani sana, Daktari."

Kilichomuuma zaidi ni kwamba ofisa alilitamka neno Daktari bila utani. Profesa wa Bengaluru aliandika siku mbili baadaye. Alisema amepigana kadiri alivyoweza, amesikitika, na anatumaini njia zao zitakutana kwenye mkutano wowote. Nirmalya hakumjibu.

Kakoli alishona siku nne mfululizo hadi usiku. Siku ya tano alikuwa akimenya njegere uani, na Mwalimu alikuwa akiota jua kwenye kiti chake hatua chache tu kutoka hapo, na alisema akijua wazi kwamba anasikiwa.

"Baba, waombaji wote hao ni nani kwetu? Mmoja wao amewahi kuja hapa akala wali?"

Mwalimu aligeuza kiti kidogo kufuata jua.

"Mimi nimeungoja mwaka huu miaka saba," alisema Kakoli. "Sikuwahi kuomba kitu katika nyumba hii. Leo nauliza tu, kwa nini mtoto wako asingeombewa peke yake? Hata mara moja?"

Machozi yalimdondoka kwenye njegere, akaendelea kumenya. Mwalimu alivuta kofia yake masikioni, akaamka, akaingia ndani kutafuta fimbo yake.

*

Ili uelewe alikokwenda, lazima ujue jambo ambalo sisi wa mtaa huu hatulisemi mbele ya wageni. Mwalimu alipokuwa mkuu wa shule, wazazi walikuja kuandikisha watoto bila hati za kuzaliwa, na yeye ndiye aliyejaza tarehe kwenye daftari. Alijua vizuri kwamba mtoto wa hapa atatafuta kazi ya serikali kwa miaka mingi, na kwamba umri utamkata kabla ya kuipata. Kwa hiyo alimpunguzia kila mtoto miaka miwili. Hakuchukua hata senti. Mtaa mzima ni wadogo kwa miaka miwili kwenye karatasi, na wengi wetu tunakula kwa sababu ya miaka hiyo. Poltu ana miaka thelathini na sita, lakini reli inamtambua kwa thelathini na minne.

Mtoto mmoja tu aliandikiwa ukweli. Mwalimu hakutaka isemwe kwamba alimpendelea wake.

Stesheni alimkuta Poltu dirishani, na foleni ilikuwa ndefu. Mwalimu alipanga foleni kama watu wengine. Alipofika mbele aliinama kwenye tundu la kioo, akaanza kueleza kwa sauti ya chini kwamba anataka kwenda kuapa mahakamani. Ataapa kwamba tarehe ya kuzaliwa ya Nirmalya ilikosewa na mkono wake mwenyewe, na anahitaji shahidi aliyesoma naye darasa moja.

"Mzee, kata tiketi uondoke," alisema mtu wa nyuma. "Treni ya Sealdah inaingia."

"Anaomba mkopo huyo," alisema mwingine, na watu wakacheka.

Mwalimu aliyekuwa amewafundisha kusoma nusu ya foleni ile alisogea pembeni, fimbo ikateleza, mfanyakazi wa usafi akamwokotea. Poltu aliweka kibao cha kufunga dirisha, foleni ikapiga kelele, akatoka kwa mlango wa nyuma. Alimkalisha kwenye benchi la chai, akamwagizia kikombe.

"Mwalimu," alisema, "hakimu hatachukua neno lako tupu. Ataagiza daftari la mwaka ule liletwe."

"Liletwe. Nitaonyesha jina lake."

"Jina lake lipo mstari wa tisa. La kwangu ni la tatu, ukurasa huo huo. Chini yangu yuko Haru wa posta. Yule dada wa hospitali yuko juu. Wakikuta mwalimu mkuu mwenyewe anakiri tarehe moja ya uongo, wataacha kuangalia nyingine?"

Mwalimu alishika kikombe cha udongo kwa mikono miwili, hakukinywa.

"Nina watoto wawili," alisema Poltu. Aliinama akagusa miguu ya mzee, pale pale mbele ya watu, na hakuinuka upesi. "Bubai ni ndugu yangu. Lakini usilifungue daftari lile, Mwalimu. Nakuomba."

Mwalimu aliweka mkono juu ya kichwa chake, kwa mazoea ya kubariki. Alikaa hapo mpaka treni mbili zikapita, kisha akarudi nyumbani kwa miguu.

Alimkuta Nirmalya kitandani, amegeukia ukuta, mchana kweupe. Alivuta kiti akakaa.

"Nilikwenda kukudanganyia," alisema. "Imeshindikana."

Nirmalya hakugeuka. "Ungedanganya zamani, Baba, wakati ulipokuwa ukiwadanganyia wengine."

Aliyasema kwa sauti ya kawaida. Akasikia kiti kikirudishwa mahali pake, fimbo ikienda ukumbini, na alitamani kuyarudisha maneno yale. Hakuinuka.

*

Cheti cha muda kilitoka tarehe ishirini na nane Januari, siku tatu kabla ya tarehe ya mwisho. Karani wa vyeti alikuwa amerudi kutoka harusini, amenenepa kidogo, na alikitoa papo hapo na kumpa Nirmalya pipi ya harusi. Kakoli alikitia kwenye bahasha ya plastiki, akakilaza chini ya vitambaa vya wateja. Mwezi wa Februari Poltu alikuja na bisibisi akatengeneza swichi ya feni, bila utani hata kidogo.

Mwalimu aliacha kuandika barua. Mjane wa mtaa wa nyuma alikuja na karatasi zake za pensheni, akaambiwa mkono unatetemeka.

Machi, siku ya Jumapili, Nirmalya alikuwa sebuleni amekaa mkekani na watoto tisa wa darasa la nane, akiwafundisha milinganyo. Kakoli alikuwa kwenye cherehani chumba cha pili. Simu ya Mwalimu ililia ukumbini, naye akaipokea. Aliyepiga alikuwa msichana, anapiga kutoka Bengaluru, Kibengali chake cha kuombea maji, na furaha inamfanya aseme haraka.

Alisema anaitwa Pallabi, anatoka Guwahati, na namba ameitoa chini ya barua iliyowekwa kwenye tovuti. Chuo chake kilichelewesha cheti. Tarehe sita alikuwa amekwisha kukata tamaa. Sasa amepata ile kazi. Ana wiki mbili ofisini, na ameona hawezi kulala vizuri bila kumshukuru mtu aliyewaombea wote.

"Wewe ndiye Daktari Nirmalya Bhaduri?" aliuliza.

Kupitia mlangoni Mwalimu alimwona mwanawe mgongoni. Alikuwa akimfutia mtoto mmoja jibu na kumwambia aanze upya, taratibu, bila kuogopa.

"Ndimi," alisema Mwalimu.

"Sijui niseme nini, kaka. Mungu akulipe. Na wewe ulipata wapi? Maana hapa sikukuona."

Mwalimu alishika nguzo ya ukumbi. Katika maisha yake alikuwa ameandika tarehe mia tano za uongo kwa ajili ya watoto wa watu.

"Ujerumani," alisema. "Nimepata Ujerumani. Nasafiri na mke wangu mwezi ujao."

Msichana alifurahi kikweli. Alimtakia safari njema na baraka za watoto, akakata.

Nirmalya aligeuka kutoka mkekani. "Nani huyo, Baba?"

"Amekosea namba," alisema Mwalimu, na ndani ya chumba cha pili cherehani, iliyokuwa imenyamaza tangu neno Ujerumani, ilianza tena kushona.